Paine hakuichukia serikali, jamani

Nasema tena, na leo nasema kwa hasira kidogo: Thomas Paine, mwandishi Mwingereza aliyeyatetea mapinduzi ya Marekani na ya Ufaransa, hakuwa adui wa serikali. Kila asiyetaka kulipa kodi huja na ile sentensi ya kijitabu chake Common Sense cha Januari 1776, kwamba serikali, hata iwe nzuri vipi, ni uovu usioepukika. Nukuu ni ya kweli. Shida ni kwamba aliyenukuu aliishia hapohapo mwanzoni.

Mbele kidogo Paine anamgeukia adui wake hasa, ufalme wa kurithi. Wasomaji waliolelewa na Biblia anawakumbusha jinsi Waisraeli walivyomng'ang'ania Samweli awape mfalme, na Mungu akachukizwa. William, aliyeivamia Uingereza 1066, anamwita mwanaharamu wa Kifaransa aliyetua na genge lenye silaha. Hekima hairithiwi, basi mamlaka yarithiwe kwa nini?

Sasa fungua kitabu chake Rights of Man, sehemu ya pili, 1792, sura ya tano. Huko mabingwa wa nukuu hawafiki. Paine, aliyewahi kuwa ofisa wa ushuru, anapiga hesabu: familia maskini ipewe pauni 4 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka 14, naye apelekwe shule. Mzee asiyejiweza apate pauni 6 kwa mwaka akifika 50, na pauni 10 akifika 60, hadi afe. Mama aliyejifungua, akiomba, shilingi 20. Maharusi nao 20. Hata maziko ya mfanyakazi aliyefia mbali na kwao yametengewa fungu! Na anasisitiza: si sadaka, ni haki. Mchukia serikali gani huyo anayeipangia bajeti ya mazishi?

Kinachonisumbua mimi ni kingine, na vitabu vya kiada hukipita kimya. Huyu wa 1792 anapatanaje na yule wa 1776, aliyesema jamii imezaliwa na mahitaji yetu na serikali na uovu wetu? Jibu la kawaida ni kwamba alilaumu serikali za kifalme, si za wawakilishi. Linaingia, ila kwa kusukumiza.

Na wanaodhani kuuchukia ufalme ni kutaka kichwa cha mfalme? Januari 1793, akiwa mbunge Paris wakati wa mapinduzi ya Ufaransa, na Kifaransa hakijui, Paine alisimama jukwaani huku mwenzake akisoma tafsiri ya hotuba yake: mfalme aliyepinduliwa, Louis wa 16, asiuawe, apelekwe uhamishoni Marekani. Marat, mbunge mwenye msimamo mkali, akamkatiza kwa kelele, eti huyu ni Quaker, yaani wa dhehebu la Kikristo linalopinga kuua, dini yake haimruhusu kulipigia kura jambo hili. Louis alikatwa kichwa Januari 21. Kabla mwaka haujaisha, Paine naye alikuwa ndani, katika jumba la Luxembourg lililogeuzwa gereza.