Slaidi za Kiingereza shule ya msingi: tunavyodhani na ilivyo

Mwalimu mwenzangu alinionyesha slaidi 40 za Kiingereza cha darasa la tatu. Zina rangi, zina sauti, zina vikaragosi vinavyorukaruka. Nilimpongeza kwa dhati, maana usiku anaoutumia mwalimu mbele ya kompyuta haulipwi na mtu. Kisha nikamuuliza ameshamfundishia mtoto yupi. Bado hajamfundishia yeyote.

Dhana: Wataalamu wakishazipitia, ziko tayari.

Mtaalamu wa lugha ataona sarufi, na wa mtaala ataona kama mada inaendana na muhtasari. Wote ni wa lazima, lakini hawaoni anachokiona mtoto. Niliwahi kuandaa slaidi ya viungo vya mwili: picha ya mvulana, mshale mkononi, na neno "arm". Wenzangu wawili waliipitia wakasema iko safi. Nikamkalisha mwanafunzi mmoja pembeni nikamwonyesha. Slaidi iliyofuata, mshale uligusa kiganja, neno likawa "hand". Akanikazia macho: "Mwalimu, si umesema mkono ni arm?"

Alikuwa na haki. Kwetu mkono ni mkono, kuanzia begani hadi vidoleni, kama vile mguu ulivyobeba "leg" na "foot" kwa pamoja. Mshale wangu haukuonyesha kiungo kinaanzia wapi na kuishia wapi. Nikaufuta, nikapaka njano kuanzia bega hadi kifundo, na kijani kuanzia kifundo hadi ncha za vidole. Swali lile halikurudi tena.

Ndiyo maana majaribio huanza na mtoto mmoja mmoja, yakafuata ya kikundi kidogo, ndipo darasa zima. Mtoto akiwa peke yake na wewe atakuuliza. Darasa la watoto sabini litaitikia "Yes, teacher" hata kama hakuna aliyeelewa.

Dhana: Vikaragosi na sauti vikiwa vingi, somo linaingia zaidi.

Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ametafiti kwa miaka mingi namna watu wanavyojifunza kwa maneno na picha. Moja ya matokeo yake ni kwamba mapambo yasiyohusiana na somo hupunguza kujifunza, kwa kuwa akili ina nafasi ndogo ya kushughulikia mambo kwa wakati mmoja. Sungura akicheza pembeni, mtoto anamwangalia sungura. Picha moja, neno moja, sauti ya mwalimu: vinatosha.

Dhana: Watoto wakifurahi, slaidi zimefaulu.

Hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Tunagawa dodoso lenye nyuso za kucheka na kununa, karibu wote wanazungushia uso unaocheka, tunaandika ripoti. Watoto hufurahia chochote kinachowatoa kwenye ubao, na furaha hiyo ni njema, ila haituambii wamejifunza nini. Wape jaribio kabla ya somo na jingine baada yake, na ukiweza, linganisha na mkondo uliofundishwa maneno yaleyale bila slaidi. Rudia baada ya wiki mbili uone kilichobaki.

Na upime ulichofundisha. Kama slaidi zinafundisha kusema, mtoto aseme. Atachagua "knife" vizuri kabisa kwenye karatasi, lakini mwambie alisome kwa sauti, utasikia "kinife", kwa sababu Kiswahili kimemzoeza kwamba kila herufi hutamkwa.

Dhana: Kiswahili kikiingia kwenye slaidi, Kiingereza kinaharibika.

Shule zetu nyingi za msingi za serikali Tanzania zinafundisha kwa Kiswahili. Maelekezo mafupi kwa lugha anayoielewa mtoto yanaokoa muda wa kufanya mazoezi ya Kiingereza chenyewe.

Dhana: Bila projekta haiwezekani.

Baada ya Sensa ya 2022, serikali iligawa kwa walimu vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu. Kimoja kinatosha kikundi cha watoto watano. Umeme ukikatika, slaidi zilezile zichore kwenye manila. Kama projekta ipo, ijaribu saa ileile ya kipindi, madirisha yakiwa wazi, kisha nenda ukakae dawati la nyuma kabisa. Njano iliyong'aa ofisini inaweza isionekane kabisa ukutani saa tano asubuhi.