Cheti kinasema salama. Sampuli ilichotwaje?

Nikitaja kazi yangu ya kupima sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kwenye karanga, korosho na lozi, huulizwa swali lilelile: nikizikaanga vizuri, si inakufa? Kinachokufa ni ukungu, hasa Aspergillus flavus na ndugu yake Aspergillus parasiticus. Aflatoksini, ndiyo sumukuvu ninayoipima, ambayo ukungu huo umekwisha kuiacha ndani ya punje, haina uhai wa kupoteza. Ile ya aina ya B1, iliyo kali kuliko zote, huyeyuka kwenye nyuzi joto zipatazo 268, moto usiofikiwa na karanga yoyote inayolika. Kukaanga huipunguza kiasi, hakuimalizi.

Sayansi ilizinduka mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yenye sumu hii. Kwa binadamu, ini ndilo linaloumia zaidi. Likijaribu kuisafisha B1, huigeuza kuwa kitu kinachojibandika kwenye DNA, na hapo ndipo mbegu ya saratani hupandwa. Mwenye homa ya ini B yuko pabaya zaidi, maana madhara ya virusi na ya sumu hayajumlishwi tu, yanazidishana. Dozi kubwa huweza kuua kwa siku chache, lakini walaji wengi huipata kidogo kidogo, miaka nenda miaka rudi, bila dalili yoyote.

Kinachoninyima usingizi mimi ni sampuli. Sumu hii haitawanyiki sawasawa. Katika maelfu ya punje safi hujificha chache zilizojaa sumu, na karanga moja imewahi kukutwa na zaidi ya mikrogramu 1,000,000 kwa kilo (mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu). Piga hesabu: punje ya nusu gramu yenye kiwango hicho imebeba mikrogramu 500. Umoja wa Ulaya unaruhusu jumla ya mikrogramu 4 za aflatoksini kwa kilo ya karanga za kuliwa moja kwa moja. Basi punje hiyo moja inatosha kufikisha kilo 125 kwenye kikomo! Ukichota konzi moja juu ya gunia ukaleta maabara, mashine yangu itakupa jibu sahihi kuhusu konzi hiyo tu. Ndiyo maana shehena kubwa huchotwa sehemu nyingi, hadi kilo 20, kisha zikasagwa na kuchanganywa kabla ya kupimwa.

Tabia hiyohiyo ina faida yake: ukiondoa punje chache mbovu, umeondoa sehemu kubwa ya sumu. Toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu. Ukitafuna chungu, tema, usimeze kwa aibu. Punje nzuri machoni nayo yaweza kuwa na sumu, ila kuchambua bado kunasaidia sana.

Karanga iliyosagwa haichambuliki tena. Kwa hiyo anayeuza siagi ya karanga muulize: punje zilichambuliwa kabla ya kusagwa? Na sampuli ya kipimo ilichotwa gunia moja, au yote?