Viazi vimegoma kuiva? Usimlaumu muuza viazi, angalia nyanya umeziweka saa ngapi

Nafundisha mapishi ya nyumbani, na kila darasa jipya lazima atokee mtu wa kuniambia dada, viazi vya siku hizi sio viazi kabisa, vimejaa mbolea, nimepika rosti saa nzima vipande bado vinagonga meno. Mwingine atasema ni vya kulazimishwa kukua, mwingine atasema vimekaa sana stoo, na wote wakishamaliza wanaishia kuhama muuzaji tu, leo kwa huyu kesho kwa yule, na rosti inaendelea kuwa ngumu vilevile. Jamani, nimelisikia hili mpaka limenichosha. Kiazi hakina kosa. Umetanguliza nyanya.

Sikia inavyokuwa. Kwenye kiazi na karibu kila mboga, seli zimeshikanishwa na kitu kinaitwa pektini. Kiazi kikiwa kwenye sufuria yanatokea mambo mawili: wanga unanyonya maji unavimba, hiyo inaanza kwenye nyuzi 60 hivi, halafu pektini inalegea ndio kipande kinakuwa laini, na hii ya pili inataka maji yachemke kwelikweli. Sasa pektini ikikutana na kitu kichachu inagoma kulegea. Nyanya ni chachu, pH yake (kipimo cha uchachu, chini ya 7 ni chachu) iko kwenye 4 na kidogo, nyanya ya kopo ndio kabisa maana imekolezwa, ndimu usiseme, ukwaju, embe bichi, siki, mtindi, wote hao kazi yao moja. Kwa hiyo wewe unakaanga kitunguu, unaweka nyanya nne, unaongeza na ya kopo rangi ikolee, unakamua na ndimu kabisa, halafu ndio unatumbukiza viazi vibichi unafunika unaenda zako. Hapo unategemea nini? Utaongeza maji mara ya kwanza, mara ya pili, nyanya zinaanza kushika chini, kiazi kwa nje kimechubuka na kwa ndani kigumu, mwishoni unasema mbolea.

Watu wananibishia hapa, mbona mama yangu alikuwa anaweka vyote pamoja na viliiva? Viliiva, sikatai. Uchachu unachelewesha, haukatazi. Mama aliweka nyanya moja au mbili kwenye maji mengi, hakuwa na kopo, na sufuria ilikaa jikoni muda mrefu. Wewe unataka mboga ya pembeni ya haraka ya kulia wali jioni baada ya kazi, nyanya umejaza, maji umeweka kidogo ili rojo iwe nzito. Hivyo viwili haviendi pamoja.

Fanya hivi. Viazi kilo 1, menya, kata vipande vinavyolingana (kulingana ni muhimu kuliko udogo, ukichanganya vikubwa na vidogo utapata uji na mawe kwenye sufuria moja). Kaanga kitunguu maji, weka kitunguu saumu na tangawizi, bizari ya manjano kidogo, tia viazi na karoti na chumvi, geuza dakika moja mbili, weka maji yafike usawa wa viazi tu, funika. Kama dakika 15 hivi chomeka kisu, kikipita bila kulazimishwa ndio unaweka nyanya, na nyanya zenyewe ziwe umeshazikaanga pembeni kwenye kikaango mpaka mafuta yamejitenga. Dakika 5 pamoja, njegere mbichi na hoho zinaingia hapo mwisho hapo. Ndimu? Moto ukishazimwa. Ukipika viazi vya nazi ni rahisi zaidi kwa sababu tui halina uchachu wa kukusumbua, chemshia viazi kwenye tui la pili, tui zito limalizie, na hiyo ndimu uliyozoea kukamulia iende mezani kila mtu ajikamulie. Maharage nayo ni hivyohivyo, nyanya ikitangulia utachoma mkaa wa bure.

Kuna sababu nyingine ya kiazi kugoma, na hii wazee wako sahihi kabisa, wanasema kiazi kikilala nusu hakiivi tena. Ni kweli. Kati ya nyuzi 50 na 70 kuna kimeng'enya ndani ya kiazi kinaamka na kuikaza pektini, kwa hiyo gesi ikiisha katikati, au mkaa ukizimika sufuria ikabaki na uvuguvugu nusu saa wakati unatafuta mkaa mwingine, kiazi kimeshakazwa, baadaye hata ukichemsha vizuri kinabaki na ule ugumu wa ajabu katikati. Hakikisha una moto wa kutosha kabla ya kuanza, basi. Kuanza na maji baridi hakuna shida mradi sufuria ipande moto moja kwa moja bila kusimama.

Na ukishalielewa hili unaanza kulitumia, hapo ndio napenda. Kwenye saladi ya viazi, au viazi karai vile vya Mombasa vya kuchovya kwenye unga wenye manjano na kukaanga, hutaki kipande kipasuke. Weka kijiko kikubwa cha siki kwenye lita 1 ya maji ya kuchemshia, vipande vinaiva na kona zake zote ziko palepale. Uchachu uleule uliokuharibia rosti unakutengenezea karai.

Sasa aina ya kiazi ina mchango wake, nisidanganye. Kuna kiazi cha unga na kuna kiazi cha maji. Shangi ya Kenya kwa mfano inasifika kwa kuiva haraka, kwa hiyo ukipika nayo rosti ukazubaa inakuwa uji. Kuambiwa na muuzaji hivi ni vya Mbeya au vya Lushoto hakukwambii ni aina gani, mkoa mmoja unalima aina kibao. Ukitaka kujua, changanya sehemu 1 ya chumvi na sehemu 11 za maji, tumbukiza kiazi: kinachozama ni cha unga, kiponde au kikaange chipsi, kinachoelea ni cha maji, kipeleke kwenye rosti na saladi. Lakini narudia, hata kiazi cha unga ukikizamisha kwenye nyanya kikiwa kibichi kitagoma.

Mengine haya ninayoyasikia nayasema harakaharaka.

Eti magadi kidogo kwenye mchicha na sukuma ili uive haraka na ubaki kijani. Kijani utaipata, uongo sio huo. Ila magadi yanafanya kinyume cha nyanya, yanaiyeyusha pektini, majani yanakuwa ute, na vitamini C na B1 zinaondoka nayo. Mlenda ni habari nyingine, ule ndio tunautakia uteleze. Mchicha mchanga unataka dakika 3 mpaka 5, utaiva haraka kuliko nini tena? Moto mkali, usifunike sufuria, kwa sababu majani yenyewe yanatoa uchachu kwenye mvuke na ukifunika unarudi kuyachubua rangi.

Eti kiazi kilichogeuka kijani ukikichemsha sana sumu inaisha. HAPANA. Solanini, ndio hiyo sumu yenyewe, haiondoki kwa kuchemsha. Ile rangi ya kijani yenyewe haina madhara, ila inakuonyesha kiazi kimekaa kwenye mwanga, na mwanga huohuo ndio unaongeza sumu. Menya nene, kata sehemu yote ya kijani na macho yaliyochipua, na kama kimekuwa kijani sana au ukionja ni kichungu tupa, usimhurumie kiazi wa shilingi mia ukaumwa tumbo na watoto. Tena vihifadhi gizani penye hewa, acha mambo ya mfuko wa plastiki dirishani. Na vya kukaanga usiweke friji, baridi inageuza wanga kuwa sukari, ukikaanga chipsi zinakuwa nyeusi kwa nje kabla ndani hakujaiva.

Eti blenda inarahisisha viazi vya kuponda. Inarahisisha kuviharibu. Visu vinapasua chembe za wanga na unapata kitu cha kuvutika ambacho hata maziwa hayakiokoi. Chemsha, mwaga maji, rudisha sufuria motoni dakika moja unyevu ukauke, ponda kwa mwiko au uma vikiwa vya moto, maziwa nayo yawe ya moto, siagi, chumvi, umemaliza.

Eti kabichi inahitaji maji ili iive. Kabichi zaidi ya asilimia 90 ni maji tayari, unamwagia maji ya nini? Kata nyembamba, mafuta yapate moto, kitunguu, karoti, kabichi, chumvi, geuza dakika 5 au 6 toa ikiwa bado inalia mdomoni. Ile harufu inayojaa nyumba nzima watu wakanuna ni kabichi iliyokaa motoni muda mrefu.

Eti mboga za afya ni za kuchemsha bila tone la mafuta. Hii naisikia sana kwa wanaofanya dayati. Karoti, mchicha, sukuma na matembele vina karotini ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na karotini inahitaji mafuta ili ifyonzwe vizuri, bila mafuta kabisa nyingi inapita tu. Sijasema uogeleshe mboga. Kijiko kimoja cha mafuta kwa fungu la mchicha, au karanga za kusaga, au tui. Na majani yaoshe yakiwa mazima kabla ya kukata, maana ukikata kwanza halafu ukaosha na kukamua, yale maji ya kijani unayomwaga kwenye sinki ndio vitamini C yako inaenda.