Mbwa mkubwa au mdogo? Niambie kwanza nani atamshika

Hapa Nakuru mtu akinipigia simu kutaka ushauri kuhusu mbwa wa nyumbani, huanza na uwanja. "Daktari, tuna robo ekari Kiamunyi, kwa hiyo tunafikiria Rottweiler." Au: "Sisi tuko ghorofa ya tatu hapa Section 58, basi si tutafute kale kadogo keupe kenye manyoya?" Kipimo hicho cha uwanja kimezoeleka sana, nami sikiamini. German Shepherd anayetembezwa asubuhi na jioni huishi vizuri hata kwenye uwanja mdogo. Yule anayefungiwa bandani kutwa, hata kama banda liko katikati ya nusu ekari ya nyasi, atabweka, atachimba, na siku akiponyoka ataanza na mguu wa mtu wa maziwa.

Swali langu mimi ni hili: nani hapo nyumbani ataweza kumshika? Rottweiler dume aliyekomaa hufika kilo 50 na kupita. Baba aliyemnunua mara nyingi yuko Nairobi hadi Ijumaa, na wanaobaki na mbwa ni mama, dada wa kazi na watoto wa shule ya msingi. Kama hakuna kati yao anayeweza kumzuia akivuta kamba, huyo mbwa hana mwenyewe siku tano za wiki. Nimeitwa kwenye maboma ambayo mbwa wa miaka mitatu hajadungwa sindano tangu alipokuwa mtoto, kwa sababu hakuna anayethubutu kuingia bandani mwake. Hao ndio hunitia wasiwasi. Mbwa huchanjwa dhidi ya kichaa akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka, na Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Ili ugonjwa ukatike, angalau mbwa 70 kati ya kila 100 wanapaswa kuwa na chanjo. Mbwa asiyeshikika hawezi kuwa miongoni mwa hao 70.

Gharama ya chakula watu huikadiria vibaya, na mara nyingi huizidisha. Mbwa wa kilo 5 anahitaji takribani kalori 370 kwa siku, na wa kilo 40 takribani 1,800. Uzito ni mara nane, chakula ni kama mara tano tu. Kinachopanda sambamba na kilo ni dawa. Tembe nyingi za minyoo ni moja kwa kila kilo 10, na dawa ya nusukaputi vilevile hupimwa kwa uzito, kwa hiyo kumfunga kizazi mbwa mkubwa kutakuuma mfukoni. Chanjo ya kichaa ni dozi ileile kwa wote, Chihuahua kwa Great Dane.

Lakini hizo kalori 1,800 zinatoka wapi? Hapa ndipo ninapoomba watu wanisikilize. Kisumu wengi hupika ugali wa omena. Huku kwetu ni ugali wa matumbo au masalio ya buchari. Sina ugomvi na chakula hicho kikipikwa vizuri. Ugomvi wangu ni na mahindi. Mbwa mkubwa anakula unga mwingi, familia inatafuta wa bei nafuu, na gunia lililoota ukungu, ambalo hakuna mtu angekubali kulila, linapelekwa kusagwa "ya mbwa". Ukungu huo hutoa sumu ya aflatoksini, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo haraka. Anaanza kukataa chakula, anatapika, ufizi unageuka manjano, anajisaidia damu. Mpaka ufizi uwe manjano, ini limeshaharibika sana. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Kama bajeti yako inakulazimisha kununua mahindi ya namna hiyo, chukua mbwa mdogo unayeweza kumlisha unachokula wewe, bila chumvi nyingi na bila vitunguu.

Kosa la pili kwa mbwa wakubwa hutokana na upendo. Mtoto wa Great Dane au Boerboel hukua hadi mwaka mmoja na nusu, wakati mwingine miwili, na mwenyewe huona amsaidie kwa kumwongezea unga wa mifupa kutoka agroveti. Madini ya kalsiamu yakizidi, mifupa yake hukua vibaya na viungo huumia. Mwache awe mwembamba, mbavu ziguswe kirahisi. Nyonga za German Shepherd na Labrador zina matatizo ya kurithi, kwa hiyo omba kuwaona wazazi wakitembea kabla ya kutoa pesa. Muuzaji akikataa, ondoka.

Msinielewe vibaya, wadogo nao wana mambo yao. Meno yao huoza mapema, magoti huteguka, na mtoto wa Chihuahua akikaa muda mrefu bila kula anaweza kuishiwa sukari mwilini na kuzimia. Akianguka kutoka mikononi mwa mtoto wa miaka minne, mguu unavunjika. Nyumba yenye watoto wa chini ya miaka mitano mimi ningewapa Labrador mtulivu kabla ya Chihuahua, mradi yupo mtu mzima wa kumshika. Tena wakubwa huadhibiwa wakionyesha meno, wadogo huchekwa, ndiyo maana wengi wao hukua na tabia mbovu.

Hali ya hewa pia tuitazame. Nakuru tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na Julai mbwa mdogo wa manyoya mafupi atatetemeka kwenye banda la mabati. Kwa ndugu zetu wa Kisumu, mbwa wenye pua bapa kama Pug hupumua kwa shida kwenye joto. Husky pale kando ya ziwa sitamshauri mtu yeyote.

Halafu kuna umri. Great Dane wengi huishi kati ya miaka 7 na 10, Chihuahua anaweza kupita 14. Mtoto aliye Gredi ya Nne leo anaweza kumaliza chuo kikuu mbwa huyo bado anabweka sebuleni.

Kwa familia nyingi zinazoniuliza, mimi huishia kwa mbwa ambaye hawakumtaja: wa kienyeji, kilo 15 hadi 20, manyoya mafupi, anayestahimili mengi ya hapa. Wenzangu wengine watanipinga. Lakini atabweka mgeni akigusa geti, na kwa nyumba nyingi ulinzi wenyewe ni huo pamoja na kibao cha Mbwa Kali. Dada wa kazi anaweza kumshika nikimdunga. Chanjo, minyoo na kupe bado ni lazima. Asikudanganye mtu kwamba wa kienyeji haugui.

Yeyote utakayemchagua, asitoke kwa mama yake kabla ya wiki nane, na kadi ya chanjo iwe na sahihi ya daktari. Na kama unaishi nyumba ya kupanga, mpigie mwenye nyumba kwanza, kisha unipigie mimi.