Taya kwenda upande: maana ya ulinganifu wa taya kwa aliyezaliwa na mdomo wazi

Jirani yangu hapa Uyole ana binti wa miaka 9 aliyezaliwa na mdomo wazi upande wa kushoto, na kaakaa likiwa wazi pia. (Wengi husema "mdomo sungura", mimi jina hilo silipendi.) Mdomo ulishonwa akiwa mchanga, na sasa kovu ni kauzi tu chini ya pua. Kwa kuwa anajua nafanya kazi kliniki ya meno, juzi aliniita: "Dada, hebu mtazame. Mbona taya la chini linatokeza, tena kama limekwenda upande?"

Ulinganifu wa taya ni nusu ya kulia na ya kushoto kufanana kwa urefu, upana na mkao, ukipitisha mstari kutoka katikati ya paji la uso hadi kidevuni. Aliyelingana kabisa hayupo. Jitazame kwenye kioo.

Kwa watoto hawa lawama huangukia taya la chini, wakati mara nyingi halina kosa. Ufa ukipita kwenye ufizi huligawa taya la juu vipande viwili, na kile kidogo, cha upande wa ufa, huelekea kuingia ndani. Kaakaa likishashonwa, kovu lake gumu hulibana taya la juu lisipanuke wala lisisonge mbele vizuri mtoto anapokua. La chini linaendelea kukua kama kawaida, basi linaonekana limetokeza. Kisha meno ya juu ya upande ule yakiuma kwa ndani ya yale ya chini, mtoto husogeza taya pembeni ili apate pa kutafunia. Kidevu kinahama, ingawa mfupa wa chini wenyewe unaweza kuwa sawa pande zote.

Kliniki tunampa mtoto ang'ate kijiti bapa cha mbao, kile cha kukandamizia ulimi, kikatokeza kulia na kushoto, tunakilinganisha na mstari wa macho. Ni pima maji ya fundi ujenzi hasa: kikiinama, meno ya juu yameshuka upande mmoja. Picha ya eksirei huja baadaye.

Kwa kawaida mfupa wa kuziba ufa wa ufizi, unaochotwa nyongani, huwekwa mtoto akiwa na miaka kama 8 hadi 11, kabla chonge ya kudumu haijaota, ili ipate mfupa wa kupitia. Waya wa kupanua taya la juu mara nyingi hutangulia. Upasuaji wa kusogeza taya lenyewe husubiri ukuaji uishe, na wavulana hungoja zaidi.

Nilimpa binti penseli safi aiume. Ikalala sawa. Nikamwambia arudishe kidevu katikati, akakirudisha bila shida, ila magego ya kushoto hayakukutana vizuri. Chonge ya juu bado haijatoka. Nikamwambia mama yake asingoje shule zifungwe, wiki hii hii wapande daladala waende kwa daktari wa meno.