Je, wajua kwa nini umeme kidogo hutuliza maumivu sugu?

Ukijigonga kiwiko mlangoni, mkono wa pili hukimbilia palepale kukisugua, na kweli maumivu hupungua. Mashine ya TENS, kiboksi cha betri chenye nyaya na pedi za kubandika kwenye ngozi, hutumia ujanja huohuo kwa umeme.

Mwaka 1965 wanasayansi Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza siri yenyewe. Mishipa ya fahamu minene hubeba habari za mguso, myembamba hubeba za maumivu, na yote huzifikisha kwenye uti wa mgongo kabla hazijapanda ubongoni. Mguso ukizidi, seli za pale huibana njia ya maumivu, kama mlango uliorudishwa nusu. Nadharia hiyo imerekebishwa sana tangu hapo, ila msingi wake umesimama. Umeme wenyewe ni dawa ya kale: katika karne ya 1 tabibu wa Kirumi, Scribonius Largus, aliagiza mwenye jongo akanyage samaki wa umeme mpaka mguu ufe ganzi.

Kazi huharibikia kwenye ngozi. Ioshe kwa sabuni, ikauke kabisa, wala usipake mafuta. Pedi isiposhika vizuri hubanduka pembeni, umeme wote ukapita kwenye kipande kilichobaki. Hapo ndipo mtu huruka kama aliyeumwa na siafu na kudhani mashine ni mbovu. Bandika pedi mbili za sentimita 5 kwa 5 pande mbili za panapouma, ziachane angalau sentimita 3. Zibandike mashine ikiwa imezimwa.

Anza na mapigo ya umeme 80 hadi 120 kwa sekunde. Pandisha nguvu polepole mpaka usikie mchonyoto mkali usiouma, msuli usikaze. Baada ya dakika chache mchonyoto hufifia kwa sababu neva zimezoea, kwa hiyo pandisha tena. Wengi hawafanyi hivyo: huiacha mashine ikinong'ona kwa nusu saa, kisha husema haifai kitu. Dakika 30 hadi 60 zatosha kwa mara moja.

Yapo pia mapigo ya polepole, 2 hadi 4 kwa sekunde, yanayoufanya msuli urukeruke. Haya huamsha vituliza maumivu vya mwili vinavyofanya kazi kama mofini, ndiyo maana aliyezoea dawa za jamii ya mofini huenda asipate nafuu nayo; yeye abaki na mapigo ya kasi. Ukitumia mpangilio mmoja kila siku, nguvu yake yaweza kupungua ndani ya siku tano hivi. Badilisha kasi.

Usitarajie uponyaji. Nafuu kubwa huja mashine ikiwa inawaka, na ushahidi wa kitafiti unavutana: mwaka 2016 NICE, taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, ilishauri TENS isitolewe kwa maumivu ya kiuno.

Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichopandikizwa mwilini asiiguse bila idhini ya daktari wake. Mwenye kifafa na mjamzito nao waulize kwanza. Pedi zisiwekwe mbele ya shingo, karibu na macho, kuvuka kifua, juu ya kidonda, wala kwenye ngozi yenye ganzi, maana hapo utaungua usijue. Na usiivae ukiendesha gari au umelala.