Maswali ya 911 hayacheleweshi gari la wagonjwa

Imani hii ni ya siku nyingi, hata miongoni mwa ndugu zetu wanaoishi Marekani: ukipiga 911, namba ya dharura ya huko, maswali ya mpokea simu ndiyo yanayochelewesha gari la wagonjwa. Sivyo.

Katika vituo vya 911 vya miji mikubwa, kazi ya kupokea simu na kutuma gari kwa kawaida hugawanywa. Mmoja anazungumza nawe huku akiandika kwenye kompyuta. Mwenzake anayasoma hayo hayo kwenye kioo chake na kuwaita wahudumu kwa redio. Anwani na tatizo vikishajulikana, gari linaweza kuwa barabarani wakati wewe bado unaulizwa kama mgonjwa anapumua.

Na swali hilo la kupumua lina uzito wake. Mtu aliyezimia na asiyepumua sawasawa huenda moyo wake umesimama, na mpokea simu atakuelekeza papo hapo: mlaze chali sakafuni, weka viganja katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mara nyingi atahesabu pamoja nawe mpaka wahudumu wafike. Ni kazi isiyoonekana, na inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa.

Anwani huulizwa mapema kwa sababu simu ya mkononi hutoa makadirio tu ya mahali ulipo. Ndani ya jengo refu huenda yasionyeshe uko ghorofa ya ngapi. Kiingereza kikikupiga chenga, taja tu "Swahili": vituo vingi huweza kumuunganisha mkalimani kwenye simu hiyo hiyo. Usikate unaposubiri.